Mstari Mrefu wa Eloge

"Bloki hii ni mi nitaikomboa," Eloge alimwambia Nella, mkono kiunoni kama sanamu. "Jumamosi ukitoka Mboko utakuta mustari yangu ya kura inafika barabarani."

"Na nikikuta hapana?"

"Usinisalimie tena."

Nella, aliyekuwa anakwenda Mboko kununua mihogo, akacheka. "Sawa. Mi sitaki bwana wa mudomo mutupu. Bakikuchagua, utakuja kumwona baba."

Tangu watu wa kambi hii wakimbie Burundi, mukubwa wa bloki yao alikuwa akitumwa na biro, ofisi ya wakimbizi ya mjini Baraka. Wa mwisho hakujua hata robine, bomba lao la maji, iko wapi. Ni Eloge aliyewaletea habari kutoka shuleni: kwamba zamani, kwenye makoloni ya walowezi, gavana alitumwa kutoka ng'ambo mpaka watu wakachoka. Wengine wakashika bunduki, wakanyongwa, na waliobaki wakapewa baraza lao wenyewe.

"Na sisi tushike bunduki?" bamama wakauliza.

"Hapana! Tushike..." Hapo Eloge alikwama, maana siku ile kengele ya shule ilikuwa imelia kabla somo halijafika mwisho.

"Tushike nyumba zetu, akituita tusitoke," akamaliza Mama Georgette, mwenye kutunza ufunguo wa robine.

Wiki tatu mukubwa akaita mkutano, akakuta viti vitupu na kuku mmoja. Wiki ya nne biro ikachoka: chagueni wenyewe, kila mtu apange mstari nyuma ya anayemtaka.

Jumamosi Eloge alivaa shati la kaka yake, akajisimika pembeni ya robine ili aonekane vizuri. Mama Georgette alimpa jirani yake Mama Marthe ufunguo, akaenda kusimama kwenye ukuta wa kanisa, anatafuna muhogo. Alphonse, karani wa biro, akapuliza filimbi.

Ee, mstari! Watu walimiminika nyuma ya Eloge mpaka barabarani, hata pikipiki zinazokwenda Misisi zikasimama kushangaa. Machozi yakamlenga.

"Raia wangu!" akapaza sauti. "Leo gavana amekufa!"

"Nani amekufa?" mzee mmoja akashtuka.

Eloge akaahidi robine ya pili. Akaahidi daraja. Alikuwa ameanza uwanja wa ndege Mama Marthe alipomgusa bega.

"We mutoto, hotuba iko muzuri, lakini sogea. Umeziba robine."

Ndipo alipotazama chini. Kila mpiga kura alikuwa na bidoni, dumu la maji, miguuni. Jumamosi maji yanakatika saa tatu, na nani atachagua serikali kabla ya kuchota? Wakajaza, wakajitwika, wakaenda mmoja mmoja kwenye ukuta wa kanisa, nyuma ya Mama Georgette. Hata dada yake Irankunda. Hata mama yake mzazi, aliyefika wa mwisho, akatua bidoni yake ya njano.

"Uniangalilie hii, mwanangu. Ngoja nikamuchague Georgette kwanza."

Alphonse akafika na daftari, akaitazama ile bidoni tupu, iliyobaki peke yake kwenye mstari wa Eloge.

"Na huyu, iko na kadi ya kura?"

Eloge hakungoja jibu. Alitimua vumbi.

Mchana Nella alishuka kwenye pikipiki na gunia lake.

"Mustari?" Eloge akamdaka. "Ilifika barabarani! Uliza hao bamotari!"

Hilo halikuwa uongo. Macho ya Nella yakang'aa, na ni hayo macho yaliyomponza.

"Banililia, Nella! Nikabaambia, Mama Georgette ni muzee, tumupe yeye heshima kwanza. Lakini batu bangu? Hakuna hata mumoja alitoka nyuma yangu mpaka mwisho."

"Kumbe uko na roho muzuri hivi!" Nella akamshika mkono. "Twende kwa baba sasa hivi."

Nyuma yao mtu akakohoa. Alikuwa Mama Marthe, na kichwani ile bidoni ya njano. Akaitua taratibu katikati yao.

"Eloge, mutoto wangu, ulikimbia ukamwacha mupiga kura wako kwenye robine. Uko naye mumoja tu, na hata maji haukumupatia."