Kifurushi Kilichomtegemea Mama Mkwe

Fundi wa kompyuta alibakiza neno moja tu. Alikuwa akifungasha kiigizi, programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye kompyuta kongwe yenye skrini ya kijani, kiwe kifurushi cha kupeleka ghalani. Adhuhuri ghala la programu za bure lingefungwa, na ambaye angechelewa angesubiri miaka. Palibaki pale penye "Tegemezi", panapoandikwa programu ambazo yako haiwezi kwenda bila hizo.

Jikoni mkewe alikuwa amewaka. "Wewe unamwona mama yangu tegemezi!"

"Nani tegemezi?"

"Mama mkwe wako!"

Vidole navyo, kwa umbea wao, vikaandika: mama-mkwe. Akatuma. Lo!

Mkaguzi wa ghala hakuchelewa: "Kifurushi chako kinamtegemea mama-mkwe, naye hayumo ghalani. Mfungashe au mwondoe."

Kumbe mama mkwe mwenyewe amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, anasoma. "Niondolewe? Msijisumbue. Virago vyangu nitafungasha mwenyewe."

Alirudi na begi, viatu vya safari miguuni. Fundi roho ilimuuma. Nyumba nzima ni huyu mama tu aliyeuliza kazi inaendeleaje, akasubiri jibu. Kulifuta lile neno ilikuwa kazi ya kupepesa jicho, lakini mbele yake? Mkono uligoma.

"Mama, keti. Nakufungasha."

"Unanifungasha mimi?"

"Ghalani. Niambie, mama mkwe kazi yake nini?"

"Kuuliza kama mmekula."

Akaandika programu ya kuuliza hivyo, akaiita mama-mkwe. Sasa kiigizi hakifunguki mpaka useme umekula, na ukisema bado, kinazima.

"Na wewe unategemea nini?"

"Mimi? Simtegemei mtu!" Mama mkwe akaketi, begi mapajani. Akakohoa. "Haya, andika hicho kiigizi chako. Bila hicho mimi na wewe tungeongea nini?"

Fundi akaandika, akatuma, machozi yakimlengalenga.

Jibu likaja ghala linafungwa: "Vifurushi hivi vinategemeana. Hiki hakiingii bila kile, wala kile bila hiki. Vyote viwili vimekataliwa."

"Hebu rudia hapo," mama mkwe akasema.

"Vinategemeana."

"Na huyo mkaguzi kasoma?"

"Sana, mama."

Mkewe akachungulia kutoka jikoni. "Vipi, mmeingia?"

"Tumekataliwa wote wawili," mama mkwe akajibu, akavua viatu.