Diski ya Nne

Saa tatu asubuhi fundi wa seva, mashine inayotunza kumbukumbu za kituo, aliweka kompyuta yake juu ya meza ya karani wa polisi, akaomba aonyeshwe tatizo. Karani, aliyekuwa na bendeji kidoleni, aliingiza kumbukumbu moja. Dakika kumi na nne zilipita, mashine bado haijaiandika.

"Haraka haraka haina baraka," karani alisema, "ila mkuu hataki baraka."

Kituo kilikuwa na utaratibu wake. Kifo cha mahabusu kiliandikwa asubuhi, na mahabusu mwenyewe aliuawa mchana. Mashine isipothibitisha kwamba imeandika, askari hawakumgusa mtu. Kwa hiyo watu kumi na mmoja walikuwa bado wanapumua ndani ya selo, na mkuu wa kituo alikuwa anaaibika mbele ya wakubwa wake.

Fundi alianza na memori, akaja kwenye nyaya, kisha akapima diski zote nne, moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa zimekaa tu zikiisubiri ya nne, maana diski zilizounganishwa hivyo humaliza kuandika kwa pamoja. Aliivuta nje kidogo, akaona imeota meno. Ilikuwa imeyakaza, damu ikichuruzika kwenye fizi.

"Wiki ya tatu hii," karani alisema. "Mimi ilinitafuna kidole. Sajenti anaipiga rungu kila asubuhi, ndiyo kwanza inazidi kukaza."

Fundi aliandika kwenye daftari lake: meno.

Mkuu wa kituo aliingia na sajenti. "Dada, tukiing'oa hiyo, zilizobaki zitafanya kazi?"

"Bila shaka. Zimepangwa hivyo, ikifa moja nyingine zinaendelea," alijibu, kwa fahari ya mtu anayeijua kazi yake. Kisha akafungua foleni ya kumbukumbu zilizokwama. Ya juu, ya karibuni kabisa, ilikuwa ya kinyozi aliyekamatwa Jumamosi; ilisema amekufa kwa kuanguka. Kinyozi huyo alikuwa mdogo wake, aliyenyonya naye ziwa moja. Siku mbili mfululizo alikuja kumuulizia, na kaunta ya kituo hicho ikamwambia haimjui.

"Ngojeni," alisema. "Nimekosea. Msiitoe, mtapoteza kila kitu."

Mdomo huponza kichwa, na wake ulikuwa umeponza cha mwingine. Sajenti alishaikamata. Diski ilimng'ata kiganja. Akaibamiza sakafuni, akaipiga rungu mpaka meno yakatawanyika chini ya meza. Tatu zilizobaki ziliandika vifo vyote kumi na kimoja kwa sekunde nne.

Askari walikunja mikono ya mashati. Fundi aling'ang'ania mguu wa sajenti, akaburutwa hadi mlango wa selo, akapigwa teke la uso. Nyuma ya mlango mdogo wake aliita, "Dada!" Akaita tena. Baada ya hapo yalisikika marungu tu.

Fundi alirudi mezani na mdomo uliopasuka. Aliuchukia ulimi wake kuliko alivyomchukia sajenti.

"Kasi safi kabisa," mkuu alisema. "Kesho tuletee diski nyingine. Isiyo na meno."

"Zote huja bila meno," fundi alisema. "Huyaotea hapa."

Mkuu alifikiri kidogo.

"Basi uwe unakuja kila mwezi."