Uzi Uliobaki na Nailoni Yake

Wiston ni mtu wa kununua godoro akaichana nailoni yake palepale dukani, watu wakitazama, ili ijulikane kwamba yeye si mshamba. Siti ya pikipiki, kochi la jirani, rimoti ya redio, chochote chenye nailoni kikipita mbele yake kinavuliwa. Tabia hiyo niliijua miaka yote. Sikujua tu kwamba itafika kwenye gitaa langu.

Yeye ndiye mtunza vyombo wa kwaya ya kigango chetu, hapa Murusagamba. Anapiga gitaa la solo, nyimbo zote kwa staili moja, za Kwaresima na za harusi. Na kwa kuwa aliwahi kukaa Mwanza akibebea bendi spika, anajiita fundi wa sauti. Fundi! Mtu ambaye hawezi kutofautisha gitaa lililotuniwa na mlango usiotiwa mafuta.

Mimi naitwa Odeta, mpiga besi. Vidole vyangu na chuma havipatani. Nikivaa hereni za mnadani masikio yanavimba, na saa ya mkononi inanitoa malengelenge. Hospitali waliniambia ni mzio, ngozi yangu inakataa madini fulani, na hayohayo yamo kwenye nyuzi za gitaa. Nilivumilia, najifunga vitambaa, mpaka sikukuu ya Kristo Mfalme vidole vikapasuka katikati ya wimbo wa matoleo. Nikaacha kupiga.

"Nilisema mimi," Wiston akatangaza baada ya misa. "Vidole vya mwanamke viliumbiwa kuchambua maharage."

Wanaume wakacheka. Elick, mpiga kinanda, akanyoosha mkono wake wa kushoto kuonyesha kwamba besi yote inaingia humo.

Mama Scolastica, mwenyekiti wetu, hakucheka. "Odeta mwanangu," akasema, "kwaya zote zinakutana Rulenge. Ukipiga misa nzima bila kuacha, besi ni yako. Ukiacha tena, Elick ataipiga kwenye kinanda, na gitaa tutawapa kigango kingine."

Nilirudi nyumbani nikalia. Sauti ya kuimba sina, hata ya kumlaza mtoto. Ukinitoa kwenye besi umenitoa kwenye kwaya.

Nikaenda Biharamulo, kwa Gozbert, anayeuza spika, maiki na nyuzi. Nilimkuta amekaa kama mtu anayesubiri kuombwa msamaha. Nikamwambia nataka nyuzi za besi zisizogusisha chuma kwenye kidole. Akaniwekea mezani pakiti zinazong'aa, moja baada ya nyingine, na kila moja alisema ndiyo nzuri kuliko zote. Mwisho, kwa shingo upande, akatoa kutoka chini ya kaunta seti ya nyuzi nyeusi, za chuma kwa ndani lakini zimezungushiwa utepe wa nailoni kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Hizi ni za wazee," akasema. "Hazina makelele. Vijana hawazitaki."

"Mimi nazitaka. Ila nizijaribu kwanza."

"Zinajaribiwaje? Ni viatu?"

Nikamweleza. Hereni nazijua kwa kuzivaa. Uzi nao nitaujua kwa kuuvaa. Gozbert akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa na uzi mweusi mmoja wa zamani ambao wenzake walipotea, akanirushia. "Chukua bure, mama. Ukikushinda, kafungie mbuzi."

Nikauzungusha kwenye kifundo cha mkono kama bangili na kutembea nao, nikalima nao, nikafua nao, nikalala nao. Ngozi haikuwasha hata kidogo. Nikarudi Biharamulo kununua ile seti. Ule wa bure sikuuvua, niliuona umenipendeza.

Siku nilipozifunga nyuzi zangu kwenye gitaa nilipiga noti moja tu, nikanyamaza kuisikiliza. Ilikuwa nene, ya chini, imetulia, kama mchi unaotua kwenye kinu chenye mahindi. Vidole vyangu vikapita juu yake bila uchungu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

"Hizi ni nyuzi au nyaya za umeme?" Wiston akauliza.

Kumjibu Wiston ni kumpigia mbuzi gitaa.

Sasa kwetu kuna desturi. Sikukuu kubwa ikikaribia, nyuzi zote zinavuliwa kwenye magitaa, zinachemshwa kwenye sufuria ya chai na magadi kidogo, zinaanikwa. Jasho na uchafu vinatoka, na kwa nyuzi za chuma ni kweli zinalia upya kwa siku chache. Ni akili ya watu wasiokuwa na duka karibu, siidharau. Namdharau anayechemsha.

Siku moja kabla ya Rulenge nikafika mchana kwenye mazoezi. Nyuzi zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya kanisa, zinang'aa juani, na nne kati yake zilikuwa nene. Chini palikuwa na sahani imejaa maganda meusi yaliyojisokota, kuku wanayachokora. Wiston alikuwa amekaa kwenye kigoda na wembe mkononi, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Dada Odeta, kumbe hukuzitoa nailoni ya dukani!" akasema. "Ndiyo maana zilikuwa zinanung'unika. Nimekumenyea zote, nikazichemsha. Kesho zitalia."

"Mawe!" Nikamlilia mama mzazi kwa lugha ya kwetu.

"Usijali," akasema. "Hata mimi zamani nilikuwa sijui vitu."

Wenzangu wakacheka, safari hii kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Nikaokota ganda moja, nikaliweka mfukoni, nikaondoka kabla sijaushika ule wembe.

Rulenge tulifika mapema. Elick alikuwa ameshaweka kinanda chake katikati, pale ninaposimama mimi. Nikakaa pembeni ya uwanja na gitaa lisilo na uzi hata mmoja, nikatazama mkono wangu. Nikaivua ile bangili. Nikaunyoosha ule uzi kwa magoti, nikaufunga kwenye gitaa, nikaukaza taratibu, nikimwomba Mungu usikatike.

"Gitaa la uzi mmoja!" Wiston akasema. "Unatuaibisha, dada. Watu watadhani tumekuja kutega panya."

"Babu yangu alipiga zeze la uzi mmoja," nikamwambia, "na hakuna harusi iliyofungwa kijijini kwao bila yeye. Nipishe."

Nikapiga. Kupanda na kushuka kote kulikuwa juu ya uzi uleule, mkono unakimbia shingo nzima ya gitaa. Noti nyingi niliziacha, nikabakiza zile ambazo wimbo ungeanguka bila hizo. Kwenye matoleo, palepale nilipoacha mara ya kwanza, nikatazama vidole vyangu: vizima. Elick akauondoa mkono wake wa kushoto kwenye kinanda mwenyewe, bila kuambiwa. Nilimaliza misa.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama Scolastica nje, maana sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba. Besi ni yako," akasema, akanikumbatia.

Wakati huohuo walimu wa kwaya za Biharamulo walikuwa wanakuja kuuliza sauti nzito vile inatoka wapi. Wiston akawadaka kabla hawajanifikia.

"Siri ni kuchemsha," nilimsikia akisema. "Unanunua zile nyeusi, unazimenya kwa wembe, unatia magadi. Huyu dada nimemwandalia mimi mwenyewe. Huo mmoja bado una nailoni yake, nitaumenya tukifika nyumbani."

Wakamshukuru. Mmoja akamshika mkono kwa mikono miwili.

Juzi nimempigia simu Gozbert, nataka seti nyingine nyeusi. Amesema zimekwisha na alizoagiza zimekwisha pia, kila kwaya inazitaka, hata za vigango visivyo na gitaa la besi. Kisha akaniuliza, kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, eti ni wembe gani unaofaa kumenyea. Wiston ameitwa Biharamulo kufundisha. Mimi napiga kwa uzi mmoja, na tukimaliza kuimba nauvua, nauvaa mkononi, naondoka nao.