Mtu Pekee Aliyemwona

Awoi hakunawa. Alisimama kwenye birika la mawe langoni mwa hekalu, akapokea upawa wa mwanzi kama alivyoelekezwa, akachota maji, na badala ya kujimwagia mikononi kama wageni wengine, akayanywa yote. Kisha akaurudisha upawa mahali pake kwa adabu, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

Mihoko, mwanamke wa Kijapani aliyekuwa akiwatembeza, alijiziba mdomo ili asicheke. Nelly alimweleza Awoi kwa Kiturkana kwamba maji yale ni ya kujitakasa kabla ya kuingia. Awoi akajibu kwamba naye amejitakasa, ila yeye ameanzia ndani.

Wawili hao walikuwa mama mkwe na mke wa mwanawe, na kilichowaleta Kyoto kutoka Lodwar ni vikapu. Awoi alikuwa msusi ambaye kazi yake ilijulikana kuanzia Lopur hadi Kalokol. Alivisuka kwa majani ya mkoma, vikabana hata ungeweza kuchotea maziwa. Jumba moja la maonyesho lilimwalika aje asuke mbele ya watu. Alihitaji mkalimani, na Nelly, aliyekuwa na shahada yake na kazi katika ofisi ya kikundi cha wasusi pale Lodwar, ndiye aliyefaa. Kila mtu alifurahi. Erupe, mumewe Nelly, alifurahi kuliko wote, maana alitumaini kwamba safari ndefu ingewafanya mama yake na mkewe wazungumze.

Nelly naye alikubali kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa na swali moja, na alikuwa amelibeba tangu mwaka juzi. Uchungu wa kujifungua ulimshika akiwa Kakuma, ukaenda vibaya, akapoteza fahamu. Alipozinduka alijikuta Lodwar, katika wodi nyingine, tumbo limeshonwa. Mtoto alikuwa amezaliwa bila kulia. Erupe alikuwa safarini, kwa hiyo Awoi ndiye aliyekabidhiwa yule mtoto Kakuma, na Awoi ndiye aliyemzika. Wapi, hakusema. Katika ukoo wao mtoto ambaye hakulia hatajwi; wanawake wazee humweka ardhini, hurudi nyumbani, huwasha moto, na maisha huendelea. Nelly aliuguza kidonda chake akingoja aambiwe. Hakuambiwa. Baadaye akaanza kuamini kwamba mama mkwe wake anamlaumu, na ndipo kimya kikaota mizizi kati yao. Waliamkiana, ejok, ejok, wakapishana.

Sasa ilikuwa siku ya mapumziko, na Mihoko alitaka waone mji. Asubuhi aliwapeleka kwenye malango mekundu yaliyopangwa mlimani moja nyuma ya jingine, Awoi akauliza ni boma la nani hili lenye milango mingi na hakuna hata mbuzi. Kisha aliwapeleka kwenye bustani mashuhuri isiyo na mti wala ua, changarawe tupu iliyochorwa mistari kwa reki, na mawe machache katikati. Watu walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa mbao wakiitazama kimya. Awoi alitazama naye kwa muda.

"Hawa mvua iliwakatia lini?" alinong'ona.

Nelly alimwambia kwamba ndivyo walivyoipenda, na kwamba watu husafiri kutoka mbali kuja kuiona.

"Basi Lodwar yote ni bustani," Awoi alisema, "na sisi tunakaa ndani yake tukilia njaa."

Nelly alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka kwa sababu ya Awoi, na alipoona yule mama naye anatabasamu, alijiambia kwamba jioni ile atauliza.

Hakungoja jioni. Hekalu la mwisho, lile la birika la maji, lilijengwa kwenye mteremko wenye miti mirefu. Nyuma ya jengo kubwa kulikuwa na njia ya ngazi, na pande zote mbili za njia walisimama watu wadogo wa mawe. Walikuwa wengi, bega kwa bega, safu juu ya safu, warefu kama goti, vichwa vya duara visivyo na nywele, macho yamefumbwa. Wengi walikuwa wamefungwa kitambaa chekundu shingoni. Baadhi walivalishwa kofia za kufumwa. Miguuni pao kulikuwa na peremende, vidoli, na mapangaboi madogo ya karatasi yaliyozunguka upepo ulipopita.

Mihoko alipunguza sauti. Alieleza kwa Kiingereza kwamba sanamu hizi huwekwa na wazazi waliopoteza watoto kabla hawajazaliwa au walipokuwa wanazaliwa. Kwa imani yao yuko mlinzi wa watoto hao, na ndiye huyu aliyechongwa, na mama huja kumvika kitambaa ili mtoto wake asipate baridi. Alipomaliza alimgeukia Nelly, akangoja atafsiri.

Nelly alianza kuyapanga maneno kwa Kiturkana. Tangu siku ile ya wodini hakuwa ameyatamka maneno hayo mbele ya Awoi hata mara moja, na sasa alitakiwa kuyasema kwa sauti, njiani, mbele za watu.

"Anasema hizi ni sanamu za watawa," alisema.

Awoi alisogea karibu na safu ya chini, akainama, akakigusa kitambaa chekundu kwa ncha ya kidole. Pembeni ya sanamu ile mtu alikuwa ameacha chupa ndogo ya maziwa.

"Watawa gani hawa wananyonya?"

Nelly alitazama chini. Kisha akasema. Alisema taratibu, neno kwa neno, jinsi Mihoko alivyosema, bila kupunguza. Alipofika kwenye kitambaa na baridi, alimalizia kwa kunong'ona.

Awoi alipiga magoti. Shanga zake zilimwagika mbele juu ya majani makavu. Aliushika uso wa jiwe kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mtoto anayetaka kukimbia, akakusanya mate mdomoni, akatema juu ya kile kichwa, pu, pu, kisha akayapaka kwa kiganja kuanzia utosini hadi kwenye paji la uso.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda ngazi alisimama ghafla. Mihoko alishtuka. Kutoka ng'ambo ya njia mzee mmoja mwenye ufagio, mtunza hekalu, alianza kuja akiharakisha. Aibu ilimwakia Nelly masikioni. Alimshika Awoi mkono, akamvuta.

"Mama, acha. Huku hawatemei mate vitu vyao."

Awoi hakunyanyuka. "Basi huwabarikije watoto wao?"

Aliuliza kweli; alitaka kujua. Nelly aliuachia ule mkono. Alimgeukia Mihoko, na akajisikia akieleza, kwa Kiingereza, kwamba kwao mate ya mtu mzima ni baraka, kwamba mtoto anaposafiri, anapougua, anapopewa jina, wazee humtemea mate ili maisha yake yawe mepesi, na kwamba mama huyu hajamtukana mtu. Amembariki mtoto asiyemjua. Mihoko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza mzee wa ufagio kwa Kijapani. Ilimchukua muda. Mzee alimtazama Awoi, akaitazama sanamu. Akaenda kwenye ndoo iliyokuwa kando, akarudi na kata ya maji, akaimwagia ile sanamu kichwani polepole, akafumba macho, akaunganisha viganja. Nelly hakujua kama alikuwa anaosha mate au anaongeza baraka, na hakutaka kuuliza. Alikuwa na swali lake.

"Mama, wangu ulimweka wapi?"

Awoi alikinyoosha kile kitambaa chekundu shingoni mwa sanamu. Alipojibu hakumtazama.

"Tukifika nyumbani nitakupeleka. Usiniulize tena huku ugenini."

Siku zilizobaki Nelly aliishi kwa ahadi hiyo. Mbele ya watu wa maonyesho alitafsiri kwa sauti changamfu, na alipolala aliona mti, chini yake rundo la mawe. Alijua hata angelikaaje. Angeketi kivulini, angeligusa, angemwambia mtoto kwamba hakumwacha kwa kupenda. Hata kama kaburi ni dogo kiasi gani, alifikiri, mtu aliye na kaburi ana pa kwenda.

Erupe aliwapokea Lodwar, na kesho yake akawapeleka Kakuma kwa gari la kuazima. Hakuruhusiwa kwenda nao zaidi ya hapo. Awoi alisema hili ni la wanawake. Walitembea wawili, Awoi mbele na kijiti chake, wakafuata ukingo wa laga ya Tarach, ule mto wa msimu, kuelekea Lopur mpaka nyumba zikaisha. Jua lilikuwa limepanda. Laga ilikuwa kavu, mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, na mbuzi wa mtu walikuwa wakivuka bila haraka.

Awoi alisimama mahali ambapo ukingo ulikuwa umekatika wima kama mkate. Mizizi ilining'inia hewani. Hapakuwa na mti. Hapakuwa na mawe.

"Ni hapa," alisema, akanyoosha kijiti mbele, hewani, juu ya mchanga uliokuwa chini. "Palikuwa na mgunga mkubwa. Nilichagua kivuli. Nilimwekea mawe mengi, fisi asimguse. Mvua zile kubwa zilipokuja, laga ilihama. Nilikuja asubuhi yake kutazama, nikakuta maji."

Nelly aliketi palepale ukingoni. Alitaka kulia na kilio hakikuja. Kilichokuja ni hasira.

"Ungeniambia. Muda wote huu nilidhani unanilaumu mimi."

"Ningekuambia nini? Kwamba nilipewa mtoto wako nimtunze, nikampoteza mara ya pili?" Awoi aliketi kando yake kwa shida, miguu yake mikavu ikaning'inia juu ya laga. "Nilisema moyoni, akiniuliza nitamwambia. Nikaomba usiniulize."

Walikaa. Mbuzi walimaliza kuvuka, mchungaji wao akapiga mluzi. Nelly aliutazama mchanga, akatafuta hata jiwe moja lililo tofauti na mengine, akaona hakuna, wala halitakuwapo. Mto ulikwisha kwenda zake naye. Na ndipo, akigeuka kumtazama Awoi, mikunjo ya macho yake na mikono yenye makovu ya kusuka, lilimjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria katika kulilia kaburi. Mikono hii ndiyo iliyomfunga nguo. Duniani kote, katika walio hai, hakuna mwingine aliyekaa na yule mtoto na kumtazama. Na Awoi alikuwa amezeeka.

"Alikuwaje?" Nelly aliuliza.

Awoi alishtuka. Alimtazama kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

"Msichana," alisema mwishowe. "Hawakukuambia hata hilo? Alikuwa msichana. Mrefu. Paji la uso lilikuwa la Erupe, hili pana, maskini. Mdomo wako, umeukunja hivyo hivyo unavyoukunja ukikasirishwa. Nywele nyingi, zimelala kwa maji. Nilimfuta. Nilikaa naye mpaka jua likashuka, maana niliona haya kumfunika haraka. Nilimtemea mate. Nikamwambia mama yako amelala, angeamka angekuja."

Hapo Nelly alilia. Awoi hakumnyamazisha. Alimwekea mkono mgongoni akauacha hapo, mzito, na wakati kilio kilipopungua kikawa pumzi tu, Nelly alijifuta uso kwa upindo wa leso.

"Niambie tena, Mama. Polepole. Anza na nywele."