Sifa za Bibi Hermitas

Asubuhi ile ya Aprili, Amaro alipopanda ngazi kutundika tawi la mlaureli juu ya mlango wake, alijigonga kidole kwa nyundo. Kwetu bondeni Salnés tawi hilo ndilo tangazo: nyumba hii imefungua pipa la divai yake nyeupe, apitaye na aingie, anywe na ale kwa senti chache, mpaka pipa likauke. Miaka yote alilitundika akiimba. Mwaka huu hakuimba. Homa ya Agosti ilikuwa imemwondolea kunusa kote, naye hakumwambia mtu. Zabibu alizichuma bila kujua harufu yake, na divai iliyotoka humo, ulimini mwake, ilikuwa maji baridi tu. Ikiwa imeharibika, hakuwa na njia ya kutambua. Na kuwauzia majirani siki ni aibu ambayo mtu huzikwa nayo.

Jikoni mkewe, Dosinda, alikuwa akikaanga mbavu za nguruwe. Nje, chini ya kichanja cha mizabibu, majirani tulikwisha kujaa. Bakuli la kwanza, kwa desturi, ni la Bibi Hermitas, mkongwe wa kijiji, mwenye ulimi mkali kupita kisu cha kupasulia chaza. Mwaka uliopita alisema divai ya Amaro yafaa kuoshea kwato za punda, kisha akaomba aongezwe, na akaongezwa tena.

Amaro alimmiminia, akasimama akisokota kitambaa. Bibi alionja, akameza, akatupa jicho kuelekea jikoni.

"Nzuri, Amaro," akasema kwa upole. "Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Vichwa vyote vikageuka. Amaro akasawijika. Maishani mwake hakuwahi kusikia neno jema kutoka kinywa kile, ila siku alipomzika babake.

Akaanza kuzunguka. Alichungulia mabakuli: nani kaacha nusu, nani kaagiza maji? Akamwinamia Lisardo, mfugaji wa kome, aliyekuja na ndoo yake imejaa kome wabichi.

"Vipi, Lisardo?"

"Safi."

"Safi vipi?"

"Safi, bwana! Wataka nikuapie?"

Akaenda pipani, akarudi, akaenda tena. Kisha akaiburuta ngazi mpaka mlangoni, akapanda, nyundo mkononi, akalishika tawi.

"We Amaro!" akapaza sauti Bibi. "Wafanya nini huko juu, unataga?"

"Nalitoa. Mnanihurumia! Wewe, Bibi, umenisifu. Wewe!"

"Si mkeo huyo! Kanisihi tangu jana: pua yake imekufa, usimvunje moyo. Uongo wenyewe umenikwama kooni kuliko hiyo divai yako."

Dosinda alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Ulijua?" akauliza Amaro.

"Tangu Septemba. Maziwa yameungua mbele yako, baba, nawe umekaa na gazeti lako."

Amaro akafumba macho. "Basi niambieni kweli. Imeharibika?"

Bibi Hermitas hakufanya haraka. Akanywa tena, akaisukasuka divai mdomoni.

"Haikuharibika. Ni kali, kama tufaha bichi lililoangukia maji ya chumvi. Umechuma mapema, zuzu wee! Na mbavu zako hizi za mafuta zinagombana nayo kama wakwe." Akainyoosha mikono yake mikavu hadi ndoo ya Lisardo. "Dosinda, nipikie hawa."

Kome walipofunguka kwa mvuke, alikula mmoja, akanywa. Akala wa pili, akanywa, akalamba vidole. Amaro, angali juu ya ngazi, akainama kumsikiliza.

"Kwa hawa," akasema Bibi, "na kwa chaza, na dagaa wa kuchoma, hii ndiyo..." Akajizuia. "Ndiyo siki inayonyweka."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Amaro akaupiga msumari pigo moja, tawi likakaa imara, akateremka.

"Dosinda, epua mbavu! Bandika kome wote. Na wewe, Bibi, Septemba utakuja kuninusia zabibu kabla sijachuma."

"Nije nivunjike kiuno kwenye vichanja vyako vilivyopinda?" akajibu Bibi Hermitas, huku amekwisha kunyoosha bakuli lijazwe.