Mtungi wa Fulu

Fulu wa mzee Oketch walikuwa samaki wadogo wa ziwani, bluu iliyokolea. Kila Jumatatu, Nzilani alipomaliza kupiga deki nyumba ya mzee mtaani Ayany, aliketi mbele ya tangi lao la kioo hadi akajisahau. Mwanga wa mchana ulipita majini ukachezacheza ukutani, na yeye, mtu wa Kitui aliyezoea mito ya mchanga mtupu, akajihisi anaelea. Aliwapenda samaki wale kupita kiasi.

Jumatatu hii hakuelea. Mzee alikuwa anakwenda Homa Bay wiki mbili kumzika dada yake, na maji ya tangi hupungua kila siku. Safari iliyopita, fundi Austine aliunganisha tangi na bomba la nyumba kwa boya, lile la choo linalopanda na kufunga maji lenyewe. Bingwa huyo alilijaribu siku ambayo mifereji ilikuwa mikavu. Tone halikupita, akatangaza kuwa boya linafunga sawasawa, akaenda zake. Maji yaliporudi Alhamisi, konokono mmoja wa tangini alikuwa amekwamisha boya. Sebule ikawa bwawa na dari ya jirani wa chini ikaanguka. Mwenye nyumba akaapa: yakivuja tena, samaki watoke.

"Nitawagawa tu, Nzilani," mzee alisema. "Apiyo ndiye alikuwa anawapenda."

Apiyo alikuwa mkewe. Alifariki mwaka jana.

"Ngoja kwanza, mzee," Nzilani akasema.

Aliwaza mtaa wa mabanda wa Raila, anakoishi, ambako maji hununuliwa kwa mtungi. Mtungi ukimwagika mlangoni unalaani, unapangusa, yamekwisha.

"Bomba haina mwisho," akasema. "Lakini mtungi iko na mwisho. Tuunganishe boya na mtungi."

Austine aliitwa, akaja amenuna. "Auntie, hiyo ni mambo ya ushago, ya huko kijijini."

"Funga boya, Austine."

Waliweka mtungi wa lita ishirini juu ya kabati, ukashuka mpira mwembamba hadi kwenye boya. Nzilani alikuwa ameteka maji kutoka tangini, mtungi mzima na vikombe kadhaa zaidi, ili nafasi iliyobaki izidi maji ya mtungi. Kisha akazamisha mkono, akalikandamiza boya chini lisiweze kufunga.

"Mimi ndio konokono," akasema.

Maji yakaanza kupanda, polepole, kama usingizi unavyomjia mtu. Fulu wakamzunguka vidoleni. Ukuta mzima ulijaa mawimbi ya mwanga, na kwa kitambo Nzilani hakujua kama chumba ndicho kilichokuwa kikipanda. Halafu mtungi ukakoroma, ukanyamaza. Maji yalisimama kidole kimoja chini ya ukingo.

Mzee alipiga magoti, akapapasa sakafu kwa kiganja. Palikuwa pakavu.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, mzee."

Hakuinuka. "Miaka kumi na moja," alisema, "mimi na Apiyo hatukuwahi kwenda nyumbani pamoja. Mmoja anaenda, mmoja anabaki. Eti nani atawajazia maji."

Austine akainamisha kichwa. Nzilani akashusha mtungi, akaanza kuujaza tena kutoka tangini.