Kishale cha Chaki ya Bluu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani, na siku ya tatu tangu nifike kwake alianza kuufungia mkasi wake kabatini. Nilisikia tu ufunguo ukigeuka kila alipomaliza kazi, nikajua ufunguo huo unanihusu. Mtu aliyelala kwenye vyumba vya watu wengi kama mimi anajua funguo zinavyosema.

Nilikuja kwa dada kukaa wiki mbili, niitengeneze pikapu yangu, kisha nishuke bondeni kwa binti yangu. Miaka kumi na moja nilikuwa nikimwambia naja, naja. Mara njia, mara kibarua, mara nilikuwa nchi nyingine kabisa. Safari hii alinipigia yeye.

"Baba, kabati la mama liko kwa shangazi. Niletee Jumamosi. Ukikosa na hii, usinipigie tena, tutakuwa tumeelewana."

Hakulia wala hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Kutoka kwa dada hadi kwake ni mteremko wa kilomita ishirini, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu. Na pikapu ina umri wa binti mwenyewe. Mlango wa kulia nimeutoa kwenye gari jingine, bodi ya nyuma nimeichomelea kwa vyuma vya kitanda, na pale penye redio nimepachika kisanduku cha spana. Gereji sipeleki. Niliwahi kupeleka mara moja, nikarudishiwa gari lina betri ya mtu mwingine. Ninachojua nimejifunza mgongo ukiwa juu ya gunia: kidogo kwa dereva wa malori, kidogo kwa fundi wa matrekta, kingi kwa kuharibu.

Breki za mbele zilikuwa zimekufa. Nikapata kalipa mbili kwenye vyuma chakavu, vile vyuma vinavyoikumbatia diski na kuibana ukikanyaga. Nikazisugua kwa msasa, nikazifunga. Kilichobaki ni kutoa upepo kwenye mabomba. Hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine yuko chini anafungua kijinati nyuma ya gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu yake, anakifunga, ndipo wa juu aachie. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani na kazi yote imekwenda na maji. Kwa hiyo unahitaji mguu wa mtu unayemwamini. Mimi nilifanya peke yangu, kwa mpira mwembamba uliozama kwenye chupa ya mafuta.

Jumanne nikiwa chini ya gari niliona viatu vya shemeji. Vilisimama. Kisha magoti yakakunjika, na uso wake ukatokea, futikamba shingoni kama nyoka aliyechoka.

"Shemeji, hivi vyuma viwili havijapishana kweli?"

"Vimepishana na nini?"

"Sijui. Naviangalia tu."

"Basi kaangalie vifungo. Mimi nikija kukufundisha kushona kola utanipenda?"

Akacheka kidogo, cheko la puani. "Sawa, mhandisi. Hujauona mkasi wangu mkubwa ulivyokuwa butu?"

"Mikasi huisha makali."

"Huo haukatagi ila kitambaa."

Akaondoka. Mnisikilize: mkasi niliuazima mara moja, nikakatia mpira wa tairi wa kuzibia mlango, nikaurudisha palepale. Kuazima si kuiba. Lakini sikuona sababu ya kumwambia.

Nikatoa upepo mara tatu. Pedali bado ilikuwa laini kama godoro. Hapo moyo ukaanza kuniuma. Breki haziwi mbaya zenyewe kila asubuhi, labda pawe na mkono. Na nyumba ile ilikuwa na mikono minne tu: ya dada na ya mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nilizovaa zote kazishona yeye.

Nikaanza kukumbuka mambo. Mara mbili aliniuliza naondoka siku gani. Aliwahi kusema mbele ya dada kwamba pikapu kama ile ingemfaa kupelekea sare shuleni, badala ya kulipa mtu. Na Jumatano nilikuta nyuma ya gurudumu la kulia, juu ya kalipa yenyewe, kishale kidogo kimechorwa kwa chaki ya bluu, kinatazama juu. Chaki ya fundi cherehani, ya kukatia. Nikajua huyu anatia alama kifaa atakachokitaka kwanza nikigeuza kisogo. Nikakifuta kwa mate.

Nikamwomba dada rangi yake nyekundu ya kucha.

"Kaka, unataka kujipamba?"

"Nataka kutia alama nati."

"Hiyo nimenunua ya kucha zangu, si za huyo mgonjwa wako."

Akanipa hata hivyo. Nikapiga kila nati mstari mwembamba, nusu kwenye nati, nusu kwenye chuma inapokaa. Nati ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika. Huo ni ujanja wangu wa miaka. Umeshanikamatia watu wawili.

Alhamisi wakati wa chakula cha mchana nilitangaza. Pedali ilikuwa bado laini, lakini ukiipiga mara tatu za haraka inapanda.

"Kesho napakia kabati, Jumamosi alfajiri naondoka. Nitakuwa napampu tu kila kona."

Shemeji akaacha kutafuna. "Kona zote zile?"

"Nimeendesha bila breki kabisa wewe ukijifunza kutia uzi kwenye sindano."

Dada akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sahani. Nikaona hayo yote, nikayaweka moyoni.

Ijumaa asubuhi niliingia garini, nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka sakafuni. Nikapiga mara tatu, mara kumi, hakuna. Nikashuka, nikajilaza, nikatazama. Kijinati cha mbele kulia: mstari mwekundu umekatika. Cha kushoto: umekatika. Nati nyingine zote ziko sawasawa.

Sikupiga kelele. Nilinywa chai yangu, nikavikaza vijinati, nikajaza mafuta ya breki, nikarudisha alama mpya, nikamwambia dada kwa sauti ya kusikika mpaka barazani kwenye cherehani: "Imepona! Naenda sokoni kutafuta kamba za kufungia kabati." Nikatoka getini, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapita upenyo wa ukuta uliobomoka, nikajibanza nyuma ya mapipa ya maji.

Cherehani iliimba kidogo, ikanyamaza. Zikapita dakika kama tano. Akaja, pole pole, spana namba kumi mkononi. Spana yangu! Chini ya kwapa kashika kifuniko cha kopo. Akalala chini kwenye gunia langu, kama mtu aliyezoea.

Nikamwacha afungue. Nilitaka mafuta yadondoke kwenye hicho kifuniko chake ili asije akasema anafunga viatu.

"Shemeji."

Kichwa chake kikagonga chasisi, ngo!

"Umetoka sokoni haraka," akasema akiwa kulekule chini.

"Toka hapo, mwizi wa watu. Wataka niende nikamfie mwanangu kwenye kona, wewe ubaki na bodi?"

Akatoka akijifuta paji la uso. Hakukimbia, na hilo likaniudhi zaidi.

"Ungefia konani kwa zile breki zako za kupampu," akasema. "Mimi nazifungua zife hapahapa uwanjani, usiweze kutoka hata getini. Gari isiyosimama kabisa huiendeshi. Inayosimama nusu, wewe ungeiendesha."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia Jumanne, ukaniambia nikashone vifungo. Nikakuchorea kishale, ukakifuta. Nilikuona ukitema mate."

Dada alikuwa amekwisha kutoka jikoni, mikono ina unga. Hakuingilia. Akaegemea mlango.

"Kishale kinasema nini?" nikauliza.

"Kinasema juu. Njoo ulale hapa."

Sikutaka kulala kando yake, lakini nililala. Tukawa wawili kwenye gunia moja kama samaki sokoni. Akaelekeza spana.

"Magurudumu ya nyuma, vijinati vyako vinatazama wapi?"

"Juu."

"Hivi vya mbele?"

Nikatazama. Vilitazama chini.

"Ukiinamisha chupa ya maji, povu linakwenda wapi?"

Povu linakwenda juu. Nimekuwa nikifungulia mlango chini, na upepo umekaa zake darini unanicheka.

"Umefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia," akasema. "Shati likishonwa hivyo mikono inatazama nyuma. Mwanafunzi wangu wa kwanza alifanya hivyo. Hata kipofu angeona."

Nusu saa nzima nilikuwa nikizifungua na kuzibadilisha. Zikaingia kila moja upande wake, vijinati vikatazama mbinguni. Kisha nikashika mpira na chupa, nikavitazama, nikaviweka kando.

"Panda," nikamwambia. "Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nikiwa chini mguu wake siuoni. Nina sauti yake tu. Nikafungua. Mapovu yakatoka, mengi, kama sabuni. Nikafunga.

"Achia."

"Nimeachia."

Mara ishirini hivi kila upande, na kila mara nilijiuliza kama kweli ameshikilia. Mwishoni yakatoka mafuta matupu, yasiyo hata na povu moja. Pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Lakini mimi ni mimi. Nikasema, "Twende tukaijaribu kwenye mteremko wa machimbo ya mawe. Wewe kaa hapa kando yangu."

Alielewa kwa nini. Akapanda, futikamba bado shingoni. Dada akapiga kelele kutoka mlangoni: "Kama mnakufa, mniachie kwanza kabati!"

Niliiachia gari mpaka ikaanza kunguruma yenyewe, ukingo wa shimo ukawa unakuja. Nikamtazama kwa pembeni. Alishika dashibodi, lakini mguu wake haukutafuta mlango. Nikakanyaga mara moja tu. Pikapu ikainamisha pua, ikasimama, kisanduku cha spana kikamwangukia magotini.

Injini ikawa inakohoa.

"Mkasi ni mimi," nikasema. "Nilikatia mpira wa tairi."

"Najua. Ulikuwa na vumbi jeusi." Akarudisha spana kisandukuni, moja moja. Namba kumi akaitoa mfukoni mwake, akaiweka ya mwisho. "Kwa hiyo unamwambia mwanao kesho unafika saa ngapi?"

"Nitamwambia usiku wa leo nikimpigia."

"Piga sasa, mimi nikiwepo. Nakujua."

Nikapiga, pale pale ukingoni, mguu ukiwa bado juu ya breki.